Bwawa la Kijiji Lisimamiwe na Nani? Ulinganisho wa Njia Tatu kwa Vijiji vya Arusha na Moshi

Kijiji kinapomaliza kuchimba lambo jipya, au kinapofukua la zamani lililokuwa limebaki kidimbwi, huwa bado kina uamuzi mgumu mbele yake, yaani kumpata atakayelitunza. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro majibu yanayosikika mikutanoni huwa matatu: liachwe mikononi mwa wazee kama yalivyo mabwawa ya asili, liwe chini ya kamati ya halmashauri ya kijiji, au iundwe jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wenyeviti, watendaji na wajumbe wa kamati ambao bado hawajaamua, na kwa ajili ya wananchi wanaotakiwa kunyoosha mikono bila kuelezwa tofauti ya njia hizo.

Kipimo cha kwanza ni tope

Wengi hulinganisha njia hizi kwa kuuliza ipi ni ya haki zaidi au ipi inatambulika kisheria. Maswali hayo ni ya msingi na nitayafikia, lakini naanza na tope, kwa kuwa ndilo linaloua mabwawa ya huku kwetu. Tuchukue lambo lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 40 na kina cha mita 3, lililojaa mwishoni mwa Mei masika yanapokatika. Katika tambarare za Monduli na Longido, jua na upepo wa kiangazi vinaweza kupunguza milimita 6 za maji kwa siku, na kwa uso wa mita za mraba 2,000 hizo ni lita 12,000. Ng'ombe 300 wanaokunywa lita 30 kila mmoja wanatumia lita 9,000, kwa hiyo jua linakunywa kuliko ng'ombe, na hakuna zamu wala faini inayoweza kulizuia. Ukijumlisha yote mawili, maji hushuka kwa milimita 10 na nusu kila siku. Tukiacha mteremko wa kingo nje ya hesabu, lambo la kina cha mita 3 linafika Machi, wakati masika mengine yamekaribia. Lambo hilohilo likijaa tope la mita 1 linabaki na uso uleule wa kupigwa na jua, ila linakauka mwanzoni mwa Desemba. Mvua za vuli zikinyesha vizuri hakuna atakayeona tofauti. Zikikosekana, tofauti ni miezi mitatu ya mifugo kutembea kutafuta maji, na wafugaji waliopita katika ukame wa mwaka 2009 wanajua miezi mitatu ya namna hiyo inagharimu nini.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Tope la sentimita 20 katika lambo hilo ni mita za ujazo 400. Tukikadiria kwamba mtu mwenye jembe, koleo na mkokoteni anaondoa mita za ujazo 2 kwa siku, zinahitajika siku 200 za kazi, yaani kaya 100 zikitoa mtu mmoja kwa siku mbili. Huo ni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, unaowezekana kabisa. Kijiji kikiacha tope hilo likusanyike kwa miaka mingi, koleo halitoshi tena, na itabidi litafutwe katapila au kijiko, ambacho hakiji kwa kuitwa na mzee wa ukoo bali kwa fedha zilizokusanywa na kutunzwa.

Kwa hiyo msimamizi wa bwawa anahitaji nguvu za aina tatu. Awe na uwezo wa kuwaita watu watoke na wakatoka. Awe na uwezo wa kuweka akiba ya fedha ambayo haitaliwa wala kuhamishwa. Na awe na uwezo wa kumwambia jirani anayelima juu ya bwawa kwamba amevuka mpaka. Kila moja ya njia tatu ina nguvu katika mojawapo na udhaifu katika nyingine.

Wazee na desturi

Njia ya kimila inastahili kuanza, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha hapa. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mifereji ya asili, au mifongo, imekuwa ikigawa maji ya mito kwa vihamba (mashamba ya nyumbani) kwa vizazi vingi, na pamoja nayo kuna nduwa, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku ili yatumike mchana. Milima ya Pare ina mabwawa ya aina hiyohiyo yaitwayo ndiva. Utendaji wake ni rahisi kuueleza: jioni mlango wa chini wa nduwa huzibwa, maji ya mfereji hujaa usiku kucha wakati hakuna anayemwagilia, na asubuhi kizibo hutolewa, maji yakatoka kwa nguvu ya kutosha kufika shamba la mbali ambalo mkondo mwembamba wa mfereji usingelifikia. Anayeamua kizibo kitolewe saa ngapi na maji yaelekee kwa nani ndiye mwenye madaraka halisi.

Nguvu kubwa ya njia hii ni kwamba imefunga haki ya maji kwenye kazi. Mfereji ulihesabiwa kuwa wa ukoo uliouchimba, na waliojiunga baadaye walipata zamu kwa kushiriki kuusafisha. Asiyetoka kwenye msaragambo alitozwa faini, mara nyingi pombe au mnyama, au alipitwa na zamu yake. Adhabu ilitolewa karibu na kosa, na watu wanaojuana kwa majina ya babu zao, kabla hasira haijageuka uadui. Katika kazi ya kuondoa tope, sijaona utaratibu wa maandishi unaoweza kushindana na huu kwa wepesi.

Upande wa tambarare kuna hekima inayofanana. Wafugaji wa Kimaasai wana desturi ya kutenga malisho ya akiba, alalili, ambayo hayaguswi mpaka wakati wake, na mazoea ya kutumia maji ya msimu huko mbali wakati wa mvua ili ya kudumu yabaki kwa ajili ya kiangazi. Laigwanan, yaani kiongozi wa kimila wa Kimaasai, anapotangaza kwamba lambo limefungwa hadi tarehe fulani, neno lake linafika kwenye maboma ambayo barua ya mtendaji haifiki.

Udhaifu wa njia hii nauona mahali patatu. Kwanza ni wanawake. Kwa desturi ya Uchaga, mambo ya mfereji yalikuwa ya wanaume, na hata leo kamati nyingi za kimila zina viti vya wanaume watupu, ilhali wanaochota, wanaofua na kwa sehemu kubwa wanaolima bustani za chini ya bwawa ni wanawake. Kamati isiyo na wanawake haipati taarifa mapema: haijui kwamba maji ya ukingo wa mashariki yameanza kunuka, wala kwamba kuna kijana anayesafishia hapo bomba lake la kupulizia dawa ya nyanya. Pili ni wageni. Vijiji vya Hai, Arumeru na Moshi Vijijini vimepokea watu wengi walionunua viwanja, na mtu asiye na ukoo pale hana sababu ya kuogopa lawama ya mzee asiyemfahamu. Tatu ni fedha, kwani ukoo hauna hadhi ya kisheria ya kufungua kesi, na akiba yake mara nyingi hukaa mfukoni mwa mtu mmoja mwaminifu, ambaye siku akifariki watoto wake hawajui ipi ilikuwa ya baba na ipi ya bwawa.

Kamati ya kijiji

Halmashauri ya kijiji ina kitu ambacho wazee hawana, nacho ni nguvu ya sheria iliyoandikwa. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, ni chombo chenye hadhi ya kisheria, kinaweza kushtaki na kushtakiwa, na kinaweza kutunga sheria ndogo ambazo hupitia mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ndogo inamfunga kila mkazi, mwenyeji na mgeni, mwenye ukoo na asiye na ukoo. Kwa yule jirani anayelima hadi ukingoni, kijiji kina pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa.

Mita 60 hizo ndizo zinazoamua kiasi cha tope kitakachoingia. Zikipandwa mabingobingo au majani ya guatemala kwa mistari inayokata mteremko, maji ya mvua hupunguza mwendo na kuacha udongo kabla ya kufika bwawani. Juu ya tuta lenyewe panafaa nyasi pekee, kwa kuwa mizizi ya miti hutoboa njia za maji ndani ya tuta, na mikaratusi isipewe nafasi karibu kwa namna yoyote. Mifugo nayo isiingie majini: ijengwe mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, chini ya tuta, maji yafike hapo kwa bomba, na uzio wa minyaa uzunguke sehemu iliyobaki. Ng'ombe akiingia bwawani kunywa, kwato zake hubomoa ukingo kila siku na kinyesi chake huwafikia wanaochota upande wa pili. Watu nao wasifulie ndani ya bwawa, kwa kuwa anayefua akiwa amesimama majini yuko katika hatari ya kichocho. Mzee anaweza kuyasema haya yote, ila kijiji ndicho kinachoweza kuyaandika na kumpeleka mahakamani anayeyavunja.

Tatizo la kamati ya kijiji ni kwamba maisha yake yamefungwa kwenye siasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila miaka mitano, ulifanyika 2014, 2019 na 2024, na kila mara kuna vijiji vinavyopata uongozi mpya usioelewa kwa nini waliotangulia walikuwa wakizuia bustani ya mtu fulani. Tatizo la pili ni mfuko mmoja. Fedha za bwawa zikiingia kwenye akaunti ya kijiji huku shule inahitaji madawati na zahanati inahitaji paa, bwawa litasubiri, kwa sababu tope halionekani na madawati yanaonekana. Kijiji kinachochagua njia hii nakishauri kifungue akaunti tofauti ya bwawa, kiweke watia saini watatu ambao angalau mmoja si mjumbe wa halmashauri, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu, ambao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Jumuiya ya watumia maji

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inaruhusu watumiaji wa chanzo kimoja kuunda jumuiya yao. Tofauti yake kubwa na kamati ya kijiji ni kwamba mipaka ya jumuiya hufuata maji badala ya kufuata utawala. Bwawa linalolishwa na mto unaopita katika vijiji vitatu haliwezi kusimamiwa vizuri na kijiji kimoja, hata kiwe na sheria ndogo nzuri kiasi gani, kwa kuwa sheria hizo hukoma kwenye mpaka wake. Jumuiya inaweza kuwakutanisha wa juu na wa chini wagawane zamu, ikasuluhisha migogoro, na ikashika kibali cha kutumia maji kwa niaba ya wanachama wote. Matumizi ya nyumbani hayahitaji kibali, lakini anayechepusha maji ya mto kwa ajili ya umwagiliaji anakihitaji, na hapa mabwawa mengi ya umwagiliaji hujikuta yakifanya kazi nje ya sheria bila kujua.

Anayefikiria njia hii aanze kwa kujua yuko bonde gani. Sehemu kubwa ya Kilimanjaro na Meru iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao yake Moshi, kwa hiyo mtu wa Himo au Usa River hasafiri mbali sana kuuliza. Aliye Monduli, kwenye maji yanayoelekea Ziwa Manyara, yuko katika Bonde la Kati, ambalo makao yake makuu yako Singida. Jumuiya hii isichanganywe na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinachosimamiwa na RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) tangu mwaka 2019, kwani hicho kinahusika na huduma ya maji ya kunywa, yaani mabomba, vituo vya kuchotea na ankara.

Gharama ya jumuiya ni ya makaratasi na ya uvumilivu. Inahitaji katiba, usajili, vikao vyenye mihtasari, ada na katibu anayeandika vizuri kila wakati na si siku za mwanzo pekee. Kwa bwawa dogo la kaya 40, mzigo huo unaweza kuwa mkubwa kuliko faida. Wanachama pia huanza kuona kwamba wakilipa ada wamemaliza, hivyo msaragambo hupungua. Katiba ya jumuiya iseme wazi kwamba ada haifuti siku za kazi.

Zikiwekwa bega kwa bega

Katika kuita watu kufukua tope, wazee wanaongoza, jumuiya inafuata ikiwa ndogo, na kamati ya kijiji hubaki nyuma, hasa ikiwa mwenyekiti ana wapinzani wake. Katika kutunza fedha jumuiya iko mbele, kijiji kinaweza kuifikia kikitenganisha akaunti, na ukoo uko nyuma. Katika kumzuia mvamizi wa mita 60, kijiji hakina mshindani. Katika ugomvi wa wa juu na wa chini kuvuka mpaka, ni jumuiya tu yenye nafasi ya kufanikiwa.

Kuna wanaopendekeza njia ya nne, kumkodishia mtu binafsi afuge samaki na yeye atunze bwawa. Kwa bwawa linalotegemewa na watu na mifugo siiungi mkono, kwa kuwa mpangaji wa samaki anataka maji yabaki juu wakati mkulima anataka yafunguliwe, na mwenye mkataba ndiye atakayesikilizwa. Samaki wenyewe hawana ubaya, na kikundi cha vijana kinaweza kufuga sato au kambale kikiwa chini ya msimamizi mkuu, mradi vifaranga vinatoka kwenye kituo kinachoaminika na havihamishwi kiholela kwenda vyanzo vingine. Ziwa Chala, hapo Rombo, lina aina ya sato isiyopatikana popote pengine duniani, na samaki wa kuletwa wanaweza kuimaliza.

Kipi kinafaa wapi

Kwa nduwa ya mlimani inayotumiwa na kaya chache za mfereji mmoja, ningewaachia wazee, kwa masharti mawili: wanawake wapate viti halisi katika kamati, na utaratibu wa zamu na faini uingizwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ili siku mgeni akikataa kuufuata kuwe na pa kuanzia. Kuipa nduwa hiyo katiba na ada ni kuvunja kitu kinachofanya kazi.

Kwa lambo la tambarare linalonywesha mifugo ya maboma mengi ya kijiji kimoja, nachagua kamati ya kijiji, na laigwanan awe mjumbe mwenye neno la mwisho kuhusu tarehe za kufunga na kufungua. Hapa wachotaji wa maji ya nyumbani wapewe uzito kuliko kawaida. Kuzunguka Mlima Meru maji mengi ya chemchemi na visima yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto wetu yanaonyesha. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, hivyo bwawa la mvua lililolindwa vizuri, maji yake yakichujwa na kuchemshwa, lina faida ya kiafya ambayo hesabu ya ng'ombe haiioni.

Kwa bwawa linalolishwa na mto, au linalogusa vijiji viwili na zaidi, nendeni kwenye jumuiya mapema, kabla ya ugomvi wa kwanza, kwa sababu ni vigumu sana kuwaandikia katiba watu ambao wameshapelekana polisi. Ushauri huo unawahusu pia wakazi wa kando ya Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi, ambako kijiji kimegeuka mtaa: mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo kama kijiji, na bwawa lililokuwa na ulinzi wa kijiji hubaki wazi kwa wanaotafuta viwanja.

Njia yoyote itakayochaguliwa, makubaliano yaandikwe kabla ya vuli. Yataje nani anashika ufunguo wa mlango wa maji na nani anaushika asipokuwepo. Yataje pia nguzo ya kupimia, iliyosimikwa katikati ya bwawa na kupakwa alama kila sentimita 10 kuanzia sakafuni, ili tope lisomwe na kila mtu maji yanaposhuka badala ya kubishaniwa. Tarehe ya msaragambo iwekwe wakati maji yako chini kabisa, ambao kwa tambarare ni Septemba au Oktoba, na ukaguzi wa utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, ufanyike siku hiyohiyo, kwa sababu utoro ulioziba hupitisha maji juu ya tuta na tuta la udongo haliwezi kustahimili hilo. Tope linalotolewa ligawiwe kwa wenye migomba na bustani, maana ni udongo wenye rutuba uliotoka mashambani mwao, na linalobaki lirundikwe chini ya tuta, lisiachwe upande wa juu ambako mvua za kwanza za Novemba zitalirudisha bwawani.